Mkia Haumwachi Mtu

Wekesa alipiga simu nikiwa jikoni nachambua maharagwe, na kabla hajanisalimu akaniuliza kama nimeketi. Mtu akikuuliza hivyo, umeshajua, hata kuketi hakuna haja tena. Nikamwambia aseme tu. Akasema, "Gitau ametuacha, Mueni. Huko huko Uingereza. Ni ile moyo ilikuwa inamsumbua." Sikujua kuwa kuna moyo uliokuwa ukimsumbua. Niliendelea kuchambua maharagwe, nikatoa vijiwe viwili nikaviweka kando ya sinki, nikamuuliza mazishi ni wapi. Akaniambia mwili unaletwa, atazikwa kwao Dagoretti, na kwamba ana binti ambaye atakuja na mwili. Kisha Wekesa, ambaye tangu ujana wetu hanyamazi ila akimeza mate, akanyamaza. Nikamsikia akivuta kamasi. "Si utakuja?" akauliza. Nikamjibu nitakuja, kwani alidhani nitakwenda wapi. Nilipokata simu nikagundua kwamba maharagwe nimeyachanganya tena na mawe yake.

Mwaka wa Gitau kwangu ni 2006, na nimeishi nao kama mtu anavyoishi na gauni la harusi ambayo haikufanyika. Huvai, hutupi, na kila ukihama unalikunja upya na kwenda nalo. Wakati ule nilikuwa nakaa Kileleshwa, fleti ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, pamoja na Wairimu, msichana wa benki aliyependa usafi kuliko alivyopenda watu. Mimi nilikuwa mapokezi kwa daktari wa meno huko Westlands. Kazi yangu ilikuwa kutabasamu ili wagonjwa waone meno mazuri kabla hawajaingia ndani kuumizwa. Asubuhi moja ya Jumatatu akaingia mwanamume mrefu mwenye viganja vilivyochubuka, shati la ofisi, tai, na mkononi karatasi ya shashi iliyokunjwa. Akaifungua juu ya meza yangu. Ndani yake mlikuwa na jino. "Niaje madam," akasema huku hewa ikimtoka pale penye pengo. "Hii kitu yangu inaweza rudishwa?" Nilicheka hadi daktari akachungulia mlangoni. Gitau hakukasirika. Alinieleza kwamba jino hilo lilitoka Jumapili, msituni, alipokuwa akishuka mteremko kwa baiskeli na mzizi ukamkamata gurudumu la mbele. Alisimulia kwa furaha, kana kwamba anaeleza habari za harusi. Jino halikurudi. Akawekewa la bandia, na siku alipokuja kulitazama kwenye kioo akaniambia, "Kuja Jumapili nikuonyeshe pahali lile original lilibaki."

Nikaenda. Wakati ule msitu wa Ngong Road haukuwa mahali pa kwenda kupunga upepo. Watu waliuogopa, na walikuwa na sababu. Mama yeyote wa Nairobi angekwambia kuwa aliyeingia mle peke yake amejitakia. Lakini ndani kulikuwa na vijia, vimekanyagwa na wachota kuni na ng'ombe, vyembamba, vinapinda katikati ya miti na kushuka hadi kwenye vijito, na kundi la akina Gitau na rafiki yake Wekesa lilikuwa limevigeuza kuwa njia zao za baiskeli za mlimani. Hapakuwa na ramani wala kibao. Kwa sababu hiyo walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuifanyia mzaha. Wekesa alitangulia. Kila walipofika njia panda, aliyekuwa wa pili alisimama pale, akashuka, akawaonyesha wanaokuja upande wa kupita, na hakuondoka. Angesimama hata mvua inyeshe ya mawe, mpaka afike mtu wa mwisho, ambaye wenyewe walimwita mkia. Mkia akifika alisema, "Mkia imefika, twende," na hapo ndipo yule aliyesimama aliporuhusiwa kupanda baiskeli yake. Zamani kidogo kabla yangu kuna mtu wao aliyepita kushoto badala ya kulia, na alipotoka msituni hakuwa na baiskeli wala viatu. Sheria ilizaliwa siku hiyo. Mkia alikuwa Gitau, kila Jumapili. Alikuwa mwenye kasi kuliko wote lakini alipenda nyuma. Alisema mwenda pole hajikwai, nami nikamkumbusha jino lake.

Jumapili yangu ya kwanza nilisimamishwa njia panda ambapo palikuwa na mkaratusi mkubwa uliounguzwa na radi upande mmoja. Wenzangu wakapita, mmoja, mwingine, vicheko vyao vikapotelea bondeni, kisha pakawa kimya. Sijui kama umewahi kusimama peke yako msituni ukiwa mtu wa kuzoea kelele za Westlands. Majani yakianguka unasikia nyayo. Nilishika breki za baiskeli ya kuazima kwa mikono miwili utadhani itakimbia iniache. Kisha nikasikia tairi zikisaga changarawe, taratibu, bila haraka, na Gitau akatokea kwenye kona akiwa amesimama juu ya pedali. "Mkia imefika," akasema. "Umeogopa?" Nikamwambia hapana. Akanitazama mikono. "Basi wachilia breki, madam." Nadhani nilimpenda hapo hapo, au labda nilimpenda baadaye na kumbukumbu imeamua kuanzia hapo kwa sababu ya mwisho wake. Lakini nilimpenda. Sikuwahi kulisema wakati huo na sasa nalisema.

Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa ya mtumba, ya rangi ya kijani iliyopauka, ilitolewa kwenye kontena sokoni Gikomba na yeye akawa wa kwanza kuishika. Chini ya fremu, kwenye kona ambayo maji hayafiki, palikuwa na tope lililokauka, jekundujekundu, na karibu na kiti pamebandikwa karatasi ndogo ya duka fulani la Uingereza yenye picha ya kondoo na kilima. Gitau aliiosha baiskeli nzima ila lile tope. Siku moja kwenye balkoni yetu, katikati ya mabeseni na nguo za Wairimu, alilikwangua kidogo kwa ukucha akaninusisha. "Hii ni udongo ya Ulaya. Inanuka aje?" Nikamwambia inanuka udongo. Wairimu, aliyekuwa akianua nguo zake kwa hasira, akasema, "Inanuka oil, kama hii nyumba yote. Gitau, hii si petrol station." Lakini yeye hakusikia. Alikuwa amekwisha kwenda zake kule ambako tope lilitoka, na mimi niliona, na nikajifanya sioni.

Ofisi yake ya bima ilikuwa katikati ya mji, na siku nilizopata ruhusa ya mchana nilikuwa nikimfuata huko. Tulikula chipsi zilizolowa siki kwenye mkahawa wa ngazi za chini, halafu tukapanda cyber ya intaneti iliyokuwa juu yake, chumba cha joto kilichojaa vijana wanaoandika maombi ya vyuo vya ng'ambo. Tulikaa wawili kwenye kiti kimoja. Gitau alifungua picha za njia za baiskeli za mashambani Uingereza, nazo zilikuja polepole kutoka juu, kwanza mbingu ya kijivu, kisha kilima, kisha ukuta wa mawe, na mwisho kabisa njia yenyewe. Daima kulikuwa na lango la mbao na kibao kidogo chenye mshale. Hilo lango ndilo lililomwingia akilini. "Hii ni shamba ya mtu," alinieleza akigusa kioo. "Ya mtu private. Na unapita. Sheria inasema upite, miguu, farasi, baiskeli, hakuna mtu anakuuliza. Kitu moja tu, ukishapita ufunge geti, kondoo wasitoke." Akageuka kunitazama. "Unaimagine Lavington, Mueni? Unafungua geti ya mtu, unasalimia, 'Sasa,' unapita, unafunga?" Nikamwambia angeumwa na mbwa watatu kabla hajamaliza kusema sasa. Kijana wa kiti cha jirani akacheka. Nilipenda nilivyomchekesha mtu wa tatu, kwa sababu ilionekana kama sisi ni wawili.

Ombi lake la kwenda alishaliwasilisha. Ilikuwa kazi ya kutunza wazee, katika mji mdogo uliozungukwa na vilima, na palikuwa na binamu yake aliyetangulia. Miaka ile nusu ya watu niliowajua walikuwa wanangoja bahasha kutoka ubalozi fulani, kwa hiyo halikuwa jambo la kushangaza. Nilimtania. Nilimuuliza wazee wa Dagoretti watakogeshwa na nani. Alicheka, ila tukabaki na kitu kati yetu ambacho hatukukigusa, na kitu chenyewe ni hiki: hakuwahi kusema twende wote, wala kusema ningoje, nami sikuwahi kuuliza. Mchana mmoja baada ya msitu tulipata panchari Lavington, tukaketi kando ya barabara chini ya ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, akaanza kubandika tyubu. Askari akatoka kwenye kijilango. "Hapa hamkai," akasema. Gitau akamwonyesha tairi. Yule askari akatutazama, akaangalia nyuma kama tajiri wake anamwona, akarudi ndani, kisha akatoka na maji kwenye kopo la rangi ili tupime tundu la tyubu. Alichuchumaa nasi hadi mapovu yakatokea. Wakati Gitau anapiga pampu nikamuuliza, nikiangalia pampu na si yeye, kama siku moja nitaamka niambiwe ameshapanda ndege. "Siwezi enda bila kukuambia," akasema. "Uso kwa uso. Mimi si ndio mkia? Mkia haiwachi mtu." Askari akasema, "Mwambie aandike, dada." Tukacheka wote watatu. Mimi sikutaka aandike. Neno lake lilinitosha, na mwaka ule wote sikumwomba kingine isipokuwa hicho, aniage.

Ilikuwa Alhamisi jioni nilipojua. Walikuja wote wawili, yeye na Wekesa, wakala githeri ya Wairimu ambayo ilikuwa na parachichi na pilipili nyingi, kisha wakaenda jikoni kuosha sahani, jambo ambalo wanaume hao walilifanya tu walipotaka kuzungumza bila sisi. Nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba changu, natafuta sindano. Kuta za fleti zile zilikuwa karatasi. "Visa imetoka," nikamsikia Gitau. "Wacha!" Wekesa akasema. "Lini?" Maji yakafunguliwa, sikusikia jibu. Yakafungwa. "Na huyu umemwambia?" Sahani ikagonga sahani. "Nitamwambia Jumapili. Tukiwa huko ndani. Nataka nimwambie pale kwa mkaratusi, ile ya radi." Wekesa akapiga mluzi mdogo wa huruma, nami nikakaa kitandani na sindano mkononi, bila uzi. Walipotoka jikoni nilitoka pia, nikawauliza kama wamevunja sahani ya mtu. Gitau aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko swali lilivyostahili. Nilijiona mwerevu kwa kuificha siri ambayo ilikuwa yangu.

Jumapili ile nilivaa kitambaa cha kichwa cha manjano, kipya, chini ya helmeti, jambo la kipumbavu kwa sababu helmeti inakibana na jasho linakiharibu. Nilitaka anione vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Ningemwambia aende, kwamba mimi si wa kumshika mtu shati, ila ajue kwamba hapa kuna mtu. Si zaidi ya hivyo. Wekesa aliongoza, nami nikahakikisha niko wa pili tulipokaribia mkaratusi, nikiwapita watu kwa kiwiko. Alipofika pale akainua mkono kunisimamisha, na nakumbuka hakunitazama machoni. Nikashuka. Nikaivua helmeti, nikakinyoosha kitambaa. Wenzangu wakapita. Mmoja akaniambia nimependeza kama ninakwenda kanisani. Kisha pakawa kimya, kile kimya ambacho sasa nilikuwa nimekizoea, na nikasimama nikisikiliza tairi kwenye changarawe.

Hazikuja. Mwanzoni nikasema ni panchari. Nikasema amesimama kumsaidia mtu, nikasahau kwamba nyuma yangu hapakuwa na mtu mwingine. Wingu likaja, na mvua ile ya Nairobi isiyo na haraka ikaanza, nikasogea chini ya mti na baiskeli yangu. Mtu mwenye akili angeondoka. Wanaume wawili wenye mapanga ya kuni walipita, wakanitazama, wakasalimia, wakaendelea, nami nikazishika breki hadi walipotoweka. Hata hapo sikuondoka, kwa sababu sheria ilikuwa sheria, na kwa sababu kama ningeondoka na yeye akaja akakuta patupu, kosa lingekuwa langu na kuagwa nisiagwe. Subira huvuta heri, wanasema. Mimi ilinivutia mafua. Rangi ya kitambaa ilianza kunichuruzika shingoni. Aliyekuja hatimaye alikuwa Wekesa, kutoka upande wa mbele, akipanda kilima kwa miguu huku anasukuma baiskeli, na kutoka mbali nikaona kwamba analia, au ni mvua. "Alinitumia message," akasema. "Simu ilikuwa kwa bag, sijaiona hadi tumefika kwa chai. Amesema ametokea kwa lami, tusimngoje." Nikamuuliza anarudi saa ngapi. "Mueni," akasema. "Ndege ni ya leo." Nilimwambia siondoki, mkia haujafika. Sikuwa nafanya mzaha. Ilibidi Wekesa anishike mkono aniondoe pale, kidole kimoja kimoja kutoka kwenye breki.

Nyumbani alinipokea Wairimu. Alinipashia maji, akanikorogea uji mwembamba wenye ndimu, na asubuhi nikakuta kitambaa changu kimefuliwa, kimeanikwa balkoni mahali baiskeli zilipokuwa zikiegeshwa. Usafi wake ndio uliokuwa namna yake ya kukumbatia mtu. Kabla ya Krismasi Gitau alipiga simu, kwa zile kadi za kupigia nyumbani, sauti yake ikija na mwangwi. Alinieleza habari za njia zile. Ni kweli, alisema, unapita katikati ya shamba la mtu na mwenyewe anakupungia mkono. Tope lake ni zito, linaingia hadi kwenye meno. Kondoo hawaogopi baiskeli. Baridi inauma masikio na giza linaingia mchana. Aliongea kama mtu anayemwaga gunia ili asionekane kilicho chini yake. Nilingoja. Hakuuliza nilisimama pale hadi lini, wala mimi sikumwambia. Mwishowe akasema, "Uko sawa lakini?" nikasema niko sawa, na kadi ikaisha. Alipiga mara nyingine kadhaa na mimi nikawa sipatikani. Nilikuwa na kiburi cha ujana, na kiburi cha ujana ni kitu kizuri kukiangalia lakini hakikupikii chakula. Niliiuza baiskeli. Niliolewa baadaye, nikazaa, nikafiwa, nimeishi, na sitaki mtu afikirie kwamba nilikaa dirishani miaka yote hiyo. Ila mara moja moja, nikisimama kwenye foleni au kwenye korido ya hospitali, naisikia ile hali mwilini, ya mtu aliyewekwa mahali na hajaambiwa aondoke.

Mazishi yalikuwa na watu wengi na mvua kidogo. Niliketi nyuma kabisa ya hema, na tulipomaliza kaburini nikapewa sahani ya mukimo na nyama ambayo sikuigusa. Msichana akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa na umri wa kumaliza shule, mrefu kama baba yake, nywele za mama yake ambaye alibaki huko. Jina lake Wambui, la nyanya yake, lakini Kiswahili hana. Aliniuliza kwa kile Kiingereza chao cha kumeza maneno, "Wewe ndiye auntie wa kitambaa cha manjano?" Uma ukaniponyoka. Kitambaa hicho kilikuwa chini ya helmeti hadi nilipofika kwenye mkaratusi, na Wekesa, kama alikiona, alikisahau zamani. Nikamwambia ndiyo. Akaketi karibu nami, akaniambia kwamba tangu akiwa mdogo walikuwa wakienda na baba yake vilimani kwa baiskeli, na baba alikuwa lazima awe nyuma, na katika kila lango alilishikilia wazi, akageuka kuangalia njia walikotoka, muda mrefu, ingawa hapakuwa na mtu. Yeye alidhani ni adabu za watu wa Kenya. Mwaka jana baba alipolazwa, akamuuliza. "Alisema alikuja," Wambui akaniambia. "Alifika karibu na mti, akakuona umesimama, unakinyoosha kitambaa. Alisema aliona kwamba unajua. Akashindwa kutoka kwenye miti. Alikaa akakutazama mpaka mvua ikaanza, halafu akageuza."

Kumbe aliniona. Miaka yote niliamini hakufika, nikamtungia visingizio vya panchari na barabara na haraka za uwanja wa ndege, kumbe alikuwa hatua chache nyuma ya miti akinitazama nikimngoja. Nilitamani afufuke nimpige kofi, kisha nimpe chai. Nilitamani nimwambie mjinga wewe, sikutaka ubaki, nilitaka useme tu. Nililia pale mbele ya mtoto wa watu na sahani ya mukimo magotini, nikalia vibaya, kwa sauti, hata akina mama wa jikoni wakadhani mimi ni wa ukoo. Wambui alinishika bega. Hakuomba msamaha kwa niaba ya baba yake, na nilimheshimu kwa hilo.

Wekesa, ambaye sasa ana kitambi na wajukuu, alikuwa ameihifadhi stoo kwake ile baiskeli ya kijani, tangu siku ile Gitau alipoiacha mlangoni pake akienda uwanja wa ndege. Jumapili iliyofuata akatuita. Msitu siku hizi umezungushiwa ua, unaingia kwa tiketi, na kila njia panda ina kibao chenye mshale kama vile vya kwenye cyber. Hakuna anayeweza kupotea. Hata hivyo Wekesa alisema tutakwenda kwa sheria ya zamani. Wambui akapanda baiskeli ya baba yake, iliyorudi kwa mwenyewe ikiwa bado na tope la kwao chini ya fremu, na akasema atakaa nyuma. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima, tena, na magoti ya mwanamke wa umri wangu. Tulipofika kwenye mkaratusi, ambao upande ule ulioungua umeota gome jipya, Wekesa akainua mkono kunisimamisha kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaushusha, uso ukambadilika. Nikamwambia, "We tangulia. Nitasimama." Vijana wake wawili wakapita wakicheka. Kisha pakawa kimya.

Nilisimama. Nilizishika breki kwa mikono miwili. Nilijua kwamba huyo ni mtoto tu, kwamba yuko nyuma kidogo, kwamba kuna kibao na ua na walinzi, na bado majani yakianguka nilisikia nyayo. Niliangalia kati ya miti mahali ambapo lazima alisimama. Hapakuwa na kitu, ni miti. Halafu changarawe ikasagika, taratibu, bila haraka, na baiskeli ya kijani ikatokea kwenye kona, msichana amesimama juu ya pedali. Akafunga breki mbele yangu, akaweka mguu mmoja chini, anahema. Alinitazama mikono. Kisha akasema, kwa Kiswahili, maneno pekee ya Kiswahili niliyowahi kumsikia akiyasema, kwa matamshi ya kule lakini kwa mpangilio ule ule wa baba yake, "Mkia imefika. Twende."

Vidole vilichukua muda kuachia. Nikapanda, nikaweka mguu kwenye pedali, nikaondoka pale.